Kuandika riwaya ya fantasia ya vijana kutokana na ngano za Wakelti: anza na mwiko, si na kiumbe

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na kila kitu. Kulikuwa na mwanamke aombolezaye usiku, farasi wa majini, makuhani wa msituni, panga zinazong'aa, na joka ambalo hata sikumbuki lilitokea wapi. Nikampelekea mpwa wangu, msichana wa miaka kumi na mitano aliyeko Tanga, anayemaliza riwaya kwa siku mbili akiipenda. Hii aliirudisha akiwa amefika ukurasa wa arobaini. "Mjomba," akaniambia, "viumbe ni wengi, lakini mbona hakuna mtu anayekatazwa kitu?"

Swali hilo lilinigharimu mwaka mzima wa kuandika upya. Ninayoyaeleza hapa ndiyo njia niliyoifuata mara ya pili, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenionyesha mapema.

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja

Neno "Kikelti" linakusanya watu wengi: Ayalandi, Uskoti, Wales, Kisiwa cha Man, Cornwall na Brittany iliyoko Ufaransa. Kila mmoja ana simulizi zake. Mwanamke anayefua mtoni nguo za mtu atakayekufa ni maarufu katika nyanda za juu za Uskoti. Blodeuwedd, mke aliyeumbwa kwa maua, ni wa Wales. Ankou, mtumishi wa mauti mwenye mkokoteni, ni wa Brittany. Ukiwaweka wote kijiji kimoja, msomaji hataona kijiji, ataona duka la mitumba.

Chagua nchi, kisha teremka hadi kaunti, kisha hadi aina ya udongo. Mimi nilichagua Clare, magharibi ya Ayalandi, kwa sababu ya Burren, eneo la mawe ya chokaa ambako miti ni michache na maji hupita chini ya ardhi. Huko kuna maziwa ya msimu. Mvua zikizidi, maji huchomoza kutoka chini na bonde la malisho linageuka ziwa. Mvua zikipungua, maji hunywewa na mashimo yale yale na ng'ombe wanarudi kula majani. Ziwa linalokuja na kuondoka bila mto! Sikuhitaji kubuni uchawi, nilihitaji tu kuuliza nani analifungulia.

Hatua ya 2: Soma simulizi zenyewe

Achana na kurasa zinazoorodhesha "viumbe kumi vya Kikelti". Hizo ndizo zilizoniponza. Nenda kwenye tovuti ya dúchas.ie, utafute Mkusanyo wa Shule. Kati ya mwaka 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi kote katika nchi hiyo walipewa kazi ya kuwahoji wazee wao na kuandika walichosikia. Kurasa zilizokusanywa ni kama 740,000. Nyingi ni za Kiingereza, nyingine za Kiayalandi, na unaweza kutafuta kwa jina la kaunti.

Hazina yake kubwa kwetu sisi tunaowaandikia vijana ni kwamba waandishi wale walikuwa watoto wa darasani. Hawapambi. Mtoto anaandika kwamba jirani alikata mti wa miiba uliokuwa peke yake shambani, asubuhi yake ng'ombe akafa, basi. Hasemi "kwa mshangao mkubwa". Hofu inatokana na ufupi huo.

Kwa kila simulizi, andika daftarini mambo matatu: kilichokatazwa, aliyekiuka, na alichokilipa. Viumbe usiwaandike kwanza. Ukifika simulizi ya thelathini utaona kwamba kiumbe kimoja hubadilika sura kijiji hadi kijiji, lakini katazo hukaa pale pale.

Na usidhani mambo haya yamekufa. Mwaka 1999, msimulizi wa ngano Eddie Lenihan alipiga kelele magazetini kuutetea mti mmoja wa miiba huko Latoon, Clare, uliokuwa kwenye njia ya barabara kuu mpya. Mti ukabakizwa. Anayetoka pwani yetu na kujua mbuyu fulani haukatwi, hatashangaa sana.

Hatua ya 3: Tunga miiko miwili inayogongana

Hapa ndipo riwaya inapozaliwa, kwa hiyo usiharakishe.

Katika ngano za kale za Ayalandi kuna kitu kiitwacho geis, kinatamkwa takriban "gesh". Waandishi wa lugha nyingine huhangaika kukitafsiri. Sisi tuna neno tayari: mwiko. (Ndiyo, hata ule wa kusongea ugali unaitwa hivyo, mhariri wangu alicheka wiki nzima.) Geis ni katazo au sharti analofungwa nalo mtu mmoja, wewe na si jirani yako. Ukilivunja, nguvu zako, heshima yako au uhai wako vinakutoka.

Mfano wa kusoma mara tatu ni wa Cú Chulainn, shujaa wa ngano hizo. Alipokuwa mtoto alimuua mbwa mlinzi wa mhunzi Culann, akajitolea kulinda mahali pa mbwa yule. Ndiyo maana akaitwa Mbwa wa Culann, na ndiyo maana ni mwiko kwake kula nyama ya mbwa. Lakini ana mwiko mwingine: asipite jikoni panapopikwa bila kula chakula akikaribishwa. Siku ya mwisho wake anawakuta njiani vikongwe watatu wanachoma nyama ya mbwa. Wanamkaribisha. Akila, amevunja, akikataa, amevunja. Anapokea kipande kwa mkono wa kushoto, na mkono ule unalegea.

Tazama mtego huo ulivyojengwa. Hakuna adui aliyemzidi nguvu. Kilichomshinda ni miiko yake mwenyewe, na kila mmoja ulianza kama jambo jema: mmoja ni kumbukumbu ya deni aliloahidi kulilipa, mwingine ni adabu ya mgeni. Mikuki inakuja baadaye, kumalizia.

Basi fanya hivi. Andika mwiko wa kwanza wa mhusika wako, na uwe na asili katika familia. Andika wa pili, utokane na tukio tofauti kabisa. Halafu jiulize: ni mahali gani, saa gani, ambapo haiwezekani kuitunza yote miwili? Jibu ndiyo sura yako ya kilele.

Wangu ulikuwa hivi. Aoife ana miaka kumi na sita. Mwiko wa kwanza: asimnyime maji yeyote anayeomba, kwa kuwa bibi yake aliwahi kumfungia mlango mwanamke mwenye kiu, na yule mwanamke hakuwa mtu. Mwiko wa pili: asiteke maji ya lile ziwa la msimu, kwa kuwa mama yake aliingia humo na hakutoka. Kwa sura ishirini miiko hii haikutani. Kisha unafika usiku mmoja wa mvua, ziwa limepanda pande zote, na mdogo wake aliyepotea tangu mwaka jana amesimama upande wa pili akisema: "Dada, nina kiu."

Nilipoandika sentensi hiyo niliinuka mezani. Joka nikalifuta siku hiyo hiyo.

Jambo moja zaidi: mtu anaweza kumfunga mwenzake kwa geis. Gráinne, aliyeposwa na mzee Fionn, alimfunga kijana Diarmuid atoroke naye usiku wa karamu. Kama unataka mapenzi katika riwaya yako, na vijana watayataka, hapo kuna swali zito kuliko busu: kama nilikulazimisha kunifuata, nitajuaje unanipenda?

Hatua ya 4: Weka sheria za upande wa pili kwenye ukurasa mmoja

Upande wa pili, yaani ulimwengu wa viumbe wasio binadamu wanaoishi chini ya vilima, una kawaida zake: usile chakula chao, chuma huwatisha, na muda hauendi sawa. Oisín alikaa Tír na nÓg, Nchi ya Ujana, miaka aliyodhani ni mitatu, kumbe huku imepita mia tatu. Alipoanguka kutoka kwenye farasi na kugusa ardhi ya nyumbani, uzee wote ukamwangukia. Chagua sheria tatu au nne tu, ziandike, zibandike ukutani. Ukijikuta unahitaji ya tano ili kumwokoa mhusika, umekosea nyuma, rudi.

Kuna furaha moja inayotusubiri sisi tunaoandika Kiswahili, nayo ni mapatano ya maneno. Aengus, mmoja wa miungu ya ngano hizo, alitaka jumba la Brú na Bóinne, ambalo leo linaitwa Newgrange, kaburi la mawe la takriban mwaka 3200 kabla ya Kristo. Akaomba apewe "usiku na mchana". Akapewa. Kesho yake alipoambiwa atoke, akajibu kwamba dunia yote ni usiku na mchana, kwa hiyo jumba ni lake milele. Kiayalandi cha kale hakina neno la kutofautisha "usiku mmoja na mchana mmoja" na "usiku na mchana" wa daima, hivyo hila inafanya kazi. Na kwetu inafanya kazi vile vile, bila maelezo! Tafuta hila za namna hiyo katika lugha yetu, uwape watu wa vilima wazitumie.

Pia saa. Wakelti wa kale walihesabu siku kuanzia machweo, kama wazee wetu wanavyosema "usiku wa kuamkia". Ndiyo maana Samhain, sikukuu ya tarehe 1 Novemba, huanza jioni ya tarehe 31 Oktoba, na vilima hufunguka usiku huo. Msomaji wa pwani ataelewa mara moja.

Hatua ya 5: Majina na neno la kuwaitia

Majina yaache na tahajia yake, ila mfundishe msomaji matamshi ndani ya hadithi. Aoife ni "Iifa", Niamh ni "Niiv", Samhain ni "Saun". Mimi nilimleta mwalimu mgeni anayekosea jina darasani, wanafunzi wakamcheka. Nusu ukurasa, kazi imekwisha.

Kuhusu sídhe (tamka "shii"), yaani wale viumbe wa upande wa pili, nilijaribu "majini", nikaacha. Neno jini kwetu lina dini yake, moto wake, na mganga wake. Msomaji angekuja na mzigo wote huo. "Mizimu" nayo huwafanya wawe wafu wa ukoo. Nikawaita "watu wa vilima", kwani sídhe hasa ni kilima chenyewe. Wanakijiji wangu hata hivyo hawalitumii jina hilo; husema "watu wema", kama wasemavyo wenyewe huko, kwa kuogopa kusikiwa. Ni ile ile adabu ya bibi zetu waliokataa kumtaja nyoka usiku.

Hatua ya 6: Uamuzi uwe wa kijana

Hapa nitasema machache. Mhusika awe na umri kidogo zaidi ya msomaji, wazee wajue mengi lakini wasiweze kumsaidia, na kilele kiamuliwe na yeye kwa macho wazi. Aoife anateka maji ya ziwa akijua anachovunja. Bei yake ni kwamba sauti ya mama yake inafutika katika kumbukumbu yake. Usirudishe kilicholipwa kwenye sura ya mwisho. Vijana wanajua wanapodanganywa.

Tahadhari moja siwezi kuiruka. Ngano za mtoto au mke "aliyebadilishwa", anayedhaniwa kuwa kiumbe kilichoachwa mahali pa mtu halisi, ziliumiza watu wa kweli. Mwaka 1895, huko Ballyvadlea, Tipperary, Bridget Cleary alichomwa moto na mumewe aliyedai huyo si mke wake. Mume alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Ukitumia ngano hiyo, jiulize msomaji mwenye mdogo wake mgonjwa au mlemavu ataondoka na nini. Mimi niliyafanya maneno "huyu si ndugu yako" yatoke mdomoni mwa mtu mwoga, na Aoife ayakatae kabla ya kuwa na uthibitisho wowote.

Hatua ya 7: Andika kilele kwanza

Usianze na sura ya kwanza. Andika mgongano wa miiko, hata vibaya. Kisha andika matukio mawili yaliyoizaa miiko hiyo. Sasa una nguzo tatu, na kazi iliyobaki ni kumtoa msomaji moja hadi nyingine huku kila mwiko ukijaribiwa angalau mara mbili kabla ya kilele: mara moja kwa mzaha, mara moja kwa maumivu. Aoife kwanza anampa maji mlevi wa kijiji anayemsumbua makusudi kila asubuhi. Sura kadhaa baadaye anampa maji mtu anayemchukia.

Rasimu ikikamilika, mpe kijana mmoja nusu ya kwanza tu. Usimuulize kama imempendeza, maana kwa adabu atasema ndiyo. Mwambie ataje miiko miwili bila kufungua kurasa, halafu akueleze anaogopa nini kitatokea. Mpwa wangu safari hii alinipigia simu saa nne usiku. "Mjomba," akasema, "usiniambie yule mdogo wake ataomba maji."

Sikumjibu. Nilimtumia nusu iliyobaki.