Kuenda kuvua ndani ya mwamba na nahodha mwenyeji: uliza maji kwanza, bei baadaye

Watu wakisikia kukodi boti ya kuvua huku pwani ya Kenya akili inaenda moja kwa moja kwa nduwaro na jodari, boti kubwa, siku nzima huko nje na bei ya kukatisha tamaa. Hiyo ipo na ina raha yake, lakini mi leo naongelea ile ingine, ya ndani ya mwamba na kwenye mikono ya bahari, yaani kiriki, kama Kilifi, Mtwapa, Mida Creek, Gazi, mnaenda na boti ndogo ya faiba ama mashua, nusu siku tu, nchi kavu mnaiona muda wote na mnarudi na changu wa kula nyumbani. Kwa mtu anaeanza, kwa familia, ama mtu wa bara aliekuja likizo ya wiki moja, hii ndo inafaa kabisa, na pesa inabaki kwa mvuvi wa pale pale.

Sasa shida ni moja. Watu wanachagua siku kwa kuangalia likizo yao, Jumamosi ndo niko free basi Jumamosi twende, alafu wanaanza kupigia watu simu kuuliza bei. Bahari haijui Jumamosi. Kitu cha kwanza angalia ni mwezi, na simaanishi mwezi wa kalenda ya ukutani, namaanisha ule wa juu.

Iko hivi. Mwezi ukiandama na ukifika kumi na tano, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, Mombasa tofauti inaweza kukaribia mita 4. Katikati hapo, kama mwezi ukiwa na siku nane tisa, na tena siku ishirini na mbili tatu, ni maji mafu, tofauti inakua ndogo na mkondo unalala. Na huku kwetu saa zake zinajulikana: siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa ni kama saa nne asubuhi. Maji mafu ni kinyume, saa nne asubuhi ndo yamejaa. Kila siku yanasogea mbele karibu dakika 50. Ukishika hiyo kichwani unaweza kukisia siku yako hata bila simu, ingawa jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari (KPA) lipo na nahodha yeyote wa maana anajua hata bila jedwali.

Kwa nini najali hii kuliko bei? Sababu kama ndo mara yako ya kwanza na umeenda bamvua, mkondo unachukua mshipi unaupeleka upande, chubwi, ule uzito wa mwisho wa mshipi, haikai chini, hujui kama ni samaki ama ni maji yanavuta, mtoto ananuna, na ikifika saa nne boti iko kwenye mchanga mnangoja maji yarudi. Siku ya maji mafu ile asubuhi yote maji yanaingia pole pole, mshipi unashuka wima, unasikia kila kitu kidoleni. Wavuvi wengine watakwambia maji mafu hamna samaki na kwa mtu wa nyavu ama wa kutembea na miguu kwenye miamba ana haki yake, lakini kwa mshipi wa mkono na mtu anaejifunza mi nasema maji mafu ama siku moja mbili kabla. Bamvua iache mpaka uwe unataka kolekole, yule samaki mwenye nguvu, hapo sasa ni habari nyingine, manake maji yakitoka kwa nguvu kwenye mdomo wa kiriki yanaburuta dagaa na kamba wote kutoka kwenye mikoko na kolekole wanakua wanangoja pale nje mlangoni.

Msimu pia. Kaskazi, yaani Disemba mpaka Machi hivi, maji ni masafi na asubuhi bahari imetulia, upepo unaamka baadae. Matlai, kama Oktoba Novemba, ni nzuri sana pia. Kusi inapoingia kuanzia Aprili nje kunachafuka, na mvua za masika zinafanya maji yawe ya matope, mto Sabaki ukijaa bahari ya Malindi inageuka kahawia kabisa. Lakini usikate tamaa ukija Juni au Julai, ndani ya kiriki kuna kinga ya upepo na watu wanavua mwaka mzima, ni vile tu hutatoka mlangoni.

Haya, nahodha. Usimtafute kupitia dalali wa ufukweni anaekufuata na picha kwa simu. Nenda mwenyewe bandarini pale wavuvi wanapopakulia samaki, asubuhi kama saa tatu saa nne boti zikirudi, salimia watu vizuri, wazee shikamoo, kaa uangalie nani amerudi na nini. Uliza ofisi ya BMU, ule umoja wa wavuvi wa bandari, watakuonyesha nani ana boti iliyokaguliwa na ana karatasi za Kenya Maritime Authority. Alafu ongea na nahodha mwenyewe, sio mtu wa mtu. Muulize hivi: "Nahodha, wiki hii maji yakoje na ungekua we ungeenda siku gani?" Akikujibu siku yoyote tu, twende hata kesho, mshukuru utafute mwengine. Yule anaeanza kuhesabu mwezi kwa vidole na kukwambia ngoja mpaka Alhamisi, huyo ndo wako.

Ndo sasa uulize bei. Bei iwe ya boti sio ya kichwa, na mkubaliane kabisa kabla kama petroli, chambo, mishipi na barafu viko ndani. Uliza nani analipia leseni ya kuvua ya siku na ada ya hifadhi kama mnapita maji ya KWS, shirika la wanyamapori. Uliza laifujaketi ngapi na uzione kwa macho, na ya mtoto iwe saizi ya mtoto. Uliza kama kuna turubai la kivuli. Na hii watu wanasahau, mkubaliane samaki ni wa nani. Kawaida we unachukua wa kula na mabaharia wanapata wao, hakuna ubaya wowote hapo, lakini semeni mapema, sababu ugomvi mwingi nimeuona unaanza pale mchangani boti ikishafika.

Mahali pa kuvua nahodha atachagua, ila jua mipaka. Watamu na Malindi kuna hifadhi za bahari tangu 1968, na ndani ya paki yenyewe hakuna kuvua kabisa, hata mshipi mmoja, hata wa mtoto. Eneo la akiba linalozunguka, kama Mida Creek, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Kusini huko Shimoni ni vile vile, Kisite hapaguswi, Mpunguti ni akiba. Mtu akikwambia twende paki kidogo, maaskari hawapo leo, kataa. Samaki unaowapata nje ya paki baadhi yao wamekulia mle ndani na kutoka, ukiwafuata nyumbani kwao umejikatia riziki ya mwaka ujao, yako na ya yule nahodha.

Vitu vya kubeba sio vingi. Shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba, miwani ya jua, maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani, viatu vya plastiki sababu mtashukia kwenye mawe na urchini, wale wa miiba. Ndizi na mkate tosha. Kama bahari inakusumbua kunywa dawa ya kichefuchefu saa moja kabla ya kupanda, sio baada ya kuanza kutapika, na usiende na tumbo tupu. Ukianza kusikia vibaya kaa katikati ya boti, angalia mbali kule bahari inapokutana na mbingu, na acha simu kabisa.

Mkifika pahali nanga ikashika, anza na mshipi wa mkono hata kama kuna rodi. Rodi ni tamu lakini mshipi unakufundisha. Chambo kizuri cha ndani ya mwamba ni ngisi, kamba au kibua. Ngisi mkate vipande virefu upana wa kidole, alafu ndoana ichome mara moja tu kule mwisho ili kile kipande kibaki kinachezacheza majini, watu wengi wanakikunja wanakijaza kwenye ndoana kinakua donge na samaki wadogo wanakidonoa tu mpaka kiishe. Shusha mpaka chubwi iguse chini, utasikia mshipi umelegea ghafla, hapo inua kama mkono mmoja kutoka chini usije ukanasa jiwe. Sasa mshipi ulaze juu ya kidole cha shahada, kiwiko kiwe laini, tulia. Utasikia tk tk tk, hao ni watoto, waache. Changu wa maana hadonoi sana, anavuta, na akivuta mara ya kwanza usifanye kitu, akirudia ndo unakaza mkono kwa kuinua juu sio kwa kukurupuka, na unaanza kuvuta mkono kwa mkono bila kulegeza hata kidogo. Mshipi unaovuta uangukie mbele yako kwenye boti mahali hamna miguu ya mtu. Na usiuzungushe mkononi kamwe, samaki mkubwa akishika mshipi unakata nyama mpaka mfupa.

Siku ya bamvua mkiwa mnarambaza mdomoni mwa kiriki, yaani mnavuta chambo nyuma boti ikienda mdogo mdogo, angalia mkizi. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, wazee walisema, na ni kweli: wakiruka ruka kwa fujo mahali pamoja manake chini kuna kolekole ama tengesi anawafukuza. Mwambie nahodha apitishe pembeni, sio katikati, ukipita katikati wote wanazama. Kolekole akishika kazi yake ya kwanza ni kukimbilia jiwe, breki ya rili iwe imewekwa sawa kabla hujatupa, ukianza kuikaza pale yeye anakimbia nailoni inakatika. Tengesi ana meno ya kukata, weka waya kidogo mbele ya ndoana.

Samaki akifika juu mwachie baharia amtoe, hasa kama humjui. Bunju, yule anaejivimbisha, rudisha majini na usimle hata ukiambiwa kuna fundi wa kumpika, sumu yake haiishi na moto. Taa, yule samaki bapa, ana mwiba mkiani. Ukitembea kwenye mchanga maji ya magotini buruta miguu, usiinue, atakusikia aondoke. Akikuchoma weka mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, yanatuliza maumivu sana, alafu muende hospitali hata kama yamepungua, sababu kipande cha mwiba huwa kinabaki. Kasa akinasa usimpandishe kwa kamba, mvute karibu pole pole, kata mshipi karibu na ndoana iwezekanavyo umwachie.

Na hapa naomba tusikilizane. Wadogo warudishe. Changu wa kiganja hana nyama, na anataka muda tu awe wa kilo. Lowesha mikono kwanza, usimshike kwa mashavu, mtoe ndoana ndani ya maji kama unaweza. Maji ya ndani ya mwamba sio marefu, kwa hivo samaki hajavimba tumbo na akirudi haraka anaishi. Alafu chewa. Chewa wengi huanza maisha kama majike na wakikua ndo wanageuka madume, kwa hivo mkitoa wale wakubwa wote kwenye mwamba mmoja mnamaliza madume ya pale. Chewa mkubwa piga nae picha haraka umrudishe, chukua wa kati mmoja wa kula, inatosha. Manahodha wengi watafurahi ukisema hivo mapema, wengine wanaogopa kuwaambia wageni sababu wanadhani mgeni anataka ndoo ijae.

Wale unaowachukua wakate mashavu damu itoke, waweke kwenye barafu hapo hapo, wasikae juani kwenye sakafu ya boti. Nyama ya tafi na kibua inaharibika mapema mno kwenye joto letu.

Na nahodha akisema turudi, mnarudi. Hata kama ndo samaki wameanza kula, hata kama mmelipia masaa manne na yamepita mawili na nusu. Ameona kitu upande wa nje ambacho we hujakiona, ama amesikia upepo umegeuka shingoni. Usianze kudai pesa irudi, petroli imeshaungua na yeye pia siku yake imekatika. Mlipe mlichokubaliana, ongeza bakshishi kwa yule kijana wa chambo ambae hua hakumbukwi, na muulize siku ile ile maji mafu yanayofuata ni lini, ili upange likizo kwa hiyo.