Somo: "say" na "tell", "borrow" na "lend", "rob" na "steal", na nahau zinazowachanganya

Nimeamua kuandika hapa mara moja ili anayeniuliza tena inboksi nimwelekeze huku, maana maswali ni yale yale na majibu hayajabadilika. Tatizo kubwa watu wanashika maana peke yake. Kamusi inakwambia "rob" ni kuiba na "steal" ni kuiba, unaifunga, kesho yake unaandika kitu hakieleweki. Ukikutana na neno uliza pia linafuatwa na nini, mtu au kitu.

1. "Hear" ni kusikia, "listen" ni kusikiliza. "Listen" inadai "to" kabla ya unachosikiliza.

2. "Learn" unajifunza, "teach" unamfundisha mtu. Basi.

3. "Say" ni kusema, "tell" ni kuambia. Kuambia hakukai bila mtu: aliniambia, alimwambia. "Tell" hivyo hivyo, "he told me". Ukiandika "he said me" umeandika "alinisema", na alinisema sote tunajua ni kusengenywa. Ukimtaka mtu kwenye "say" weka "to". Za kukariri ni "tell the truth", "tell a lie" na "tell a story", hizo zinakwenda hata bila mtu.

4. "Borrow" na "lend". Hapa ndo wengi wanaanguka na sababu iko kwenye Kiswahili chetu wenyewe, kwamba kuazima kunaenda pande zote mbili. "Nimeazima kalamu kwake", napokea mimi. "Niazime kalamu", unatoa wewe. Neno ni lile lile, kwa hiyo ukiingia kwenye Kiingereza na kuazima kichwani lazima tu utaandika "borrow me your pen". Achana na kuazima, shika kukopa na kukopesha: anayekopa ndo "borrow", anayekopesha ndo "lend". "Can I borrow your pen?" "Can you lend me your pen?" ANGALIZO: "borrow" inaenda na "from", sio "to". Na wakati uliopita wa "lend" ni "lent", hamna "lended".

5. "Steal" inafuatwa na kitu kilichoibwa, "rob" inafuatwa na aliyeibiwa, awe mtu au benki. Mtu kaibiwa simu anaandika "I was stolen", yaani mwizi kambeba yeye mzima mzima. Sema "my phone was stolen". "I was robbed" iweke pale ulipotishiwa au kukabwa, kama imechomolewa mfukoni kimya kimya baki na "stolen".

6. "On time" ni saa ile ile iliyopangwa, "in time" ni kuwahi kabla mambo hayajaharibika. Kikao cha saa nne umefika saa nne, "on time". Umezima jiko chakula hakijaungua, "in time".

7. Nahau shika nzima nzima bila kubadilisha neno hata moja, na angalia inatumika wapi. "Kick the bucket" ni kufa lakini ni lugha ya utani, tafadhali msiipeleke kwenye rambirambi. Pale andika "passed away".

MASWALI

Swali: Kwa hiyo borrow na lend zote ni kuazima si ndio?
Jibu: Namba 4. Isome yote.

Swali: Mkuu tuwekee pidiefu ya visawe vyote na maana zake
Jibu: Sina na sitatengeneza, orodha ya maana tupu ndo iliyowafikisha hapo. Oxford na Cambridge wana kamusi za wanaojifunza bure mtandaoni, kila neno lina sentensi za mfano. Soma hizo sentensi.

Swali: Mbona kuna Waingereza kabisa wanasema "can I lend your pen"?
Jibu: Wapo, kwenye lahaja za mitaani, na sijasema hawapo. Kwenye mtihani au barua ya kazi itahesabiwa kosa.

Swali: Mwalimu, nimegeuza "kick the bucket" ikawa "the bucket was kicked", nikaambiwa hiyo sasa ni ndoo ya kweli. Lakini "the beans were spilled" wameikubali. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri sana hili. "Spill the beans" ni kutoboa siri, na ukiichambua maharage yanasimama badala ya siri na kumwaga badala ya kutoboa, kila kipande kina kazi yake, ndo maana inageuzika. Ile ndoo haisimami badala ya chochote. Kwetu ipo hivyo hivyo: kumwaga mtama ni kutoa siri, na "mtama umeshamwagwa" inaeleweka, lakini "amekata kamba" ukiifanya "kamba imekatwa" kifo kimepotea, imebaki kamba. Jaribu na nahau nyingine ulete hapa tuziangalie.

Swali: Naongezea, "table a motion" Uingereza ni kuleta hoja ijadiliwe, Marekani ni kuiweka kando.
Jibu: Kweli kabisa. Ukisoma ripoti ya kikao angalia kwanza imetoka upande gani.

Swali: Na "used to" na "be used to"?
Jibu: "I used to wake up early", nilikuwa naamka mapema, siku hizi siamki. "I am used to waking up early", nimezoea. Ukiona "am", "is" au "are" mbele yake kwa maana hiyo ya kuzoea, kitenzi kinachofuata kinabeba "-ing".