Pima mgongo wa kitabu kabla ya kuchora jalada

Jalada likiharibika, mara nyingi kosa liko mgongoni. Mchoraji huhangaikia mbele na nyuma, halafu unene wa kitabu anaukisia. Nakala zikitoka kwa mchapaji, jina la mgongoni limepinda hadi mbele, na pesa zimekwenda.

Anza na karatasi. Usifungue programu ya kuchora kabla hujajua idadi kamili ya kurasa na karatasi ya ndani. Bondi, karatasi ya kawaida ya kuchapia, ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa karibu milimita 0.1, na kila karatasi hubeba kurasa mbili. Kitabu cha A5 chenye kurasa 240 kina karatasi 120, kwa hiyo mgongo wake ni kama milimita 12. Usiridhike na hesabu hiyo. Karatasi ya krimu inaweza kuwa nene zaidi kwa gramu zilezile. Nenda River Road, Nairobi, mwombe mchapaji karatasi 120 tupu za aina atakayotumia, zibane vizuri, upime.

Sasa jumlisha upana wa nyuma, mgongo na mbele: 148 na 12 na 148 ni milimita 308. Urefu wa A5 ni 210. Ongeza 3 kila upande za kukatwa, faili iwe 314 kwa 216. Picha ifike hadi ukingo wa faili, la sivyo kisu kikihama kidogo utabaki na mstari mweupe. Maandishi yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukata. Na tafadhali, usiupe mgongo rangi yake peke yake: mkunjo ukisogea milimita moja tu, kila mtu ataona. Acha rangi ya mbele izunguke. Mgongo ukiwa chini ya milimita 6, usiuandike chochote. Ukiandika, jina lisomeke kutoka juu kwenda chini, ili kitabu kikilazwa jalada juu lisiwe kichwa chini. Wauzaji wa kando ya barabara hupanga vitabu kwa marundo, na mteja huona migongo kwanza.

Kadi ya jalada iwe gramu 250 hadi 300. Ikunje kidogo kwa urefu, kisha kwa upana. Inakokubali kwa urahisi ndiko nyuzi zinakolala. Nyuzi hizo ziende sambamba na mgongo. Zikikatiza, kadi hupasuka kwenye mkunjo na kitabu hakitulii kikifungwa. Jalada lililopakwa plastiki upande mmoja hujikunja kwenda nje msimu wa mvua, kwa sababu upande wa ndani ndio unaonyonya unyevu.

ISBN, nambari ya kukitambulisha kitabu, nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Za Kenya huanza na 978-9966 au 978-9914. Mistari ya msimbopau wake, ile inayosomwa na mashine dukani, iwe myeusi juu ya nyeupe. Mistari myekundu haisomeki, kwani mashine nyingi hutumia mwanga mwekundu.

Kitabu cha katuni cha kurasa 32 hakina mgongo: hupigwa pini katikati, na kurasa lazima zigawanyike kwa 4. Zikikunjwa pamoja, za katikati hutokeza nje na kukatwa zaidi, hivyo viputo vya maneno visikaribie ukingo. Ukitaka kitabu cha karatasi ya kung'aa kiunganishwe kwa gundi mgongoni, mwambie mchapaji akwaruze mgongo kwanza. Gundi huteleza juu ya mng'ao. Kisha dai nakala moja ya majaribio, uifungue katikati kabisa, uvute ukurasa mmoja kwa nguvu. Ukitoka, usiruhusu zilizobaki zipigwe gundi.