Kununua WRX ya zamani na kuitunza, kuanzia Nakuru hadi Kisumu

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu litengenezwe. Kwa hiyo kila Subaru Impreza WRX ya kizazi cha GD, yaani zile za 2000 hadi 2007, unayoiona ikiuzwa Nakuru, Kericho au Kisumu iko nchini miaka mingi na imepitia mikono kadhaa. Kati ya mbili za bei moja, chukua iliyofifia rangi lakini bado iko jinsi ilivyotoka kiwandani, uiache ile inayong'aa, yenye springi zilizokatwa na ekzosi ya kelele. Rangi hupakwa kwa wiki moja. Injini iliyoongezwa nguvu kiholela haina dawa ya bei nafuu. Na usitumie pesa zote kwenye ununuzi: tenga angalau robo ya bajeti yako kwa kazi za mwezi wa kwanza.

Kabla ya kufunga safari, omba picha ya namba ya chesi. Imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini na huonekana ukifungua boneti. Ikianza na GDA ni WRX, GDB ni STI (ndugu yake mwenye nguvu zaidi), na GGA ni WRX ya wagoni. GD2 na GD3 ni za injini ya 1500 isiyo na turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na kuna zilizovalishwa boneti yenye tundu la hewa na nembo ya WRX. Si dhambi kuinunua, mradi uilipie bei ya 1500.

Nambari ya usajili isikudanganye kuhusu umri. Gari la herufi za KB linaweza kuwa lilitengenezwa miaka saba kabla halijasajiliwa, kwa hiyo angalia mwaka kwenye logbuku (hati ya umiliki wa gari). Fanya upekuzi wa gari katika mfumo wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ulinganishe jina la mmiliki, chesi na namba ya injini. Fanya upekuzi mwingine kwenye sajili ya dhamana ya mali inayohamishika, kwa sababu mkopo uliochukuliwa kwa logbuku unaweza kuwa umeandikwa huko. Namba ya injini iko juu ya bloku, karibu na mahali inapoungana na giaboksi. Injini hizi hubadilishwa sana, na ikiwa namba haioani na kumbukumbu, muuzaji arekebishe kwanza ndipo pesa zitoke. "Tutamalizana baadaye" humalizikia kwako.

Gari likiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema: "Boss, nafika saa moja asubuhi, tafadhali usiliwashe." Ukifika, weka kiganja juu ya boneti kabla ya kusalimiana kwa kirefu. Likiwa na joto, kuna sauti ambayo hakutaka uisikie.

Fungua kifuniko cha tangi la kulanti (maji ya kupozea injini) injini ikiwa bado baridi. Kulanti iwe safi, ya kijani au buluu. Maji ya rangi ya kutu yanasema gari limekuwa likiongezwa maji ya mfereji, na utando wa oili juu yake ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kuvuja. Kisha chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena na ukisome pande zote mbili, kwa maana kijiti cha Subaru hudanganya upande mmoja.

Liwashe. Mlio mwepesi wa kugonga unaopotea injini ikipata joto kwa kawaida ni pistoni zinazopiga kuta za silinda, na wengi huishi nao. Mlio mzito wa kugonga, wa chini, unaozidi kadiri injini inavyopata moto na kusikika ukiachilia mafuta kutoka mizunguko 3,000 kwa dakika, ni beringi za konrodi (mikono inayoshika pistoni). Hapo shukuru, ufunge boneti, uende zako. Liache likae bila kukanyagwa dakika tano, kisha likanyage mara moja huku mwenzako akitazama nyuma. Moshi wa buluu unatokana na sili za turbo au za valvu. Moshi mweupe usioisha, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoungua.

Kupima kompresheni (shinikizo ambalo kila silinda inatoa) ni kazi ya saa mbili hivi, kwa sababu plagi za injini ya boksa, ambayo silinda zake zimelala, ziko ubavuni na mkono hauingii kirahisi. Lipa fundi aifanye, tena mbele yako. Injini iwe na joto, plagi zote nne zitolewe, petroli na moto vikatwe, betri iwe imejaa, na pedali ikanyagwe hadi mwisho wakati wa kuzungusha. Ukisoma namba, usizilinganishe na za kitabu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni kama asilimia 87. Injini inayotoa bar 11 pwani itatoa karibu 9 Nakuru bila kuwa na ugonjwa wowote. Linganisha silinda kwa silinda: tofauti isizidi asilimia 10. Silinda ya nne, iliyo nyuma upande wa abiria, itazame kuliko zote, kwani ndiyo huonewa kwanza.

Fundi akitaka kumimina oili ndani ya silinda ili ajue kama ni ringi au valvu, mkatalie. Mbinu hiyo ni ya injini ambazo silinda zake zimesimama wima. Hapa silinda zimelala, oili hukusanyika chini na haizunguki ringi yote. Mwombe asukume hewa ya kompresa ndani ya silinda na asikilize inatokea wapi. Ikitoka kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimekwisha. Ikitoka ekzosi, ni valvu. Ikitoa mapovu kwenye kulanti, ni gasketi.

Barabarani

Tafuta mlima. Kisumu, panda barabara ya Kakamega kuelekea Kiboswa. Nakuru, elekea Salgaa hadi Mau Summit. Mshale wa joto ukishapanda mahali pake, usisogee tena. Ukiwa gia ya nne kwenye mizunguko 2,000, kanyaga hadi mwisho: mizunguko ikiruka bila kasi kuongezeka, klachi imekwisha. Gia ya pili ikikwaruza ukishuka nayo, sinkronaiza zimelika. Ukirudi, egesha, uache injini ikinguruma dakika kumi, feni ziwake na kuzima zenyewe, kisha uchungulie tangi la kulanti kwa macho bila kufungua kifuniko. Mwisho, zungusha usukani hadi mwisho na utembee polepole katika duara kwenye lami. Gari likijivuta na kusitasita kama limekanyagwa breki, difrensha ya kati, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, imeshikana.

Upande wa bodi, inama utazame fenda za nyuma, kingo za chini ya milango na minara ya shoksi ndani ya buti. Kutu huanzia huko.

Mwezi wa kwanza

Kama hakuna risiti inayoonyesha mkanda wa taimingi (unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake) ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa. Muda wake ni kilomita 100,000, na ukikatika au kuruka meno, valvu hukutana na pistoni na injini inakuwa chuma chakavu. Usibadilishe mkanda peke yake. Nunua seti nzima: mkanda, tenshana (kikaza mkanda), rola zote na pampu ya maji, pamoja na sili za mbele za krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti zinazofungua valvu). Mara nyingi rola iliyokwama ndiyo huua mkanda ambao bado ulikuwa mzima.

Simama karibu na fundi katika hatua hizi. Alama ya krankshafti ni mkato mdogo ulio nyuma ya sproketi (gurudumu lake la meno), nao ndio unaowekwa juu. Mshale mkubwa ulio mbele si alama ya taimingi, na injini nyingi zimepinda valvu kwa kosa hilo. Kamshafti za upande wa kushoto zimebanwa na springi za valvu na huruka mkanda ukitoka, basi zishikwe. Tenshana inarudishwa ndani polepole kwenye jiliwa, ikiwa imesimama wima, kwa dakika tatu au zaidi. Ikibanwa kwa haraka, sili yake ya ndani hupasuka. Gari la gia za mkono lina kipande kidogo cha chuma kinachokaa juu ya sproketi ya krankshafti, kikiachana na mkanda kwa milimita moja hivi. Mafundi wengine hukiacha kwenye droo. Bila hicho, gari lililoegeshwa mlimani likiwa kwenye gia linaweza kurudi nyuma na mkanda ukaruka. Kazi ikiisha, krankshafti izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama zikaguliwe upya, kabla ya mtu yeyote kugusa ufunguo.

Kulanti ni lita saba na nusu hivi, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Egesha pua ikitazama juu, washa hita hadi mwisho, jaza polepole kupitia tangi la juu huku skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta ikiwa wazi. Hewa ikibaki ndani, gari litachemsha siku ya kwanza na utalaumu gasketi bure. Thamostati iwe ya Subaru yenyewe. Za bei rahisi zina mdomo mdogo.

Oili ndiyo roho ya injini hii. Weka sinthetiki ya 5W-40, lita nne na kidogo pamoja na filta, na uibadilishe kila kilomita 5,000. Pima kila unapojaza petroli. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna kama lita moja, na gari lililo kwenye alama ya chini likikata kona za Nandi Hills kwa kasi linaweza kuziacha beringi bila oili kwa sekunde chache. Hizo zinatosha kuziua. Mshale wa maji ukifika mahali pake, subiri dakika tano zaidi kabla ya kuamsha turbo, kwani oili huchelewa kupata joto. Ukimaliza mlima mkali, ipe injini dakika mbili kabla ya kuizima.

Turbo isiongezwe shinikizo. WRX ya Japani ilitayarishwa kwa petroli ya oktani 100, na super ya hapa haifiki huko. Petroli ya oktani ndogo hulipuka mapema ndani ya silinda, na mlipuko huo hupasua pistoni. Ile valvu ya "pshhh" inayopendwa na vijana humwaga nje hewa ambayo kompyuta imekwisha kuihesabu, mchanganyiko unajaa petroli na plagi zinakuwa nyeusi. Rudisha ya kiwandani. Filta ya koni iliyo wazi nayo itoe: vumbi la barabara za murramu likipita hula mapezi ya turbo.

Matairi manne yawe ya aina moja, saizi moja na yaliyolika sawasawa. Tofauti ya mzingo isizidi milimita 6. Ukipata pancha Ahero na tairi la akiba ni dogo au jipya zaidi, endesha taratibu hadi penye fundi wa matairi wa karibu, si hadi nyumbani, kwa sababu difrensha ya kati itakuwa ikisagika njia nzima.