Kukeneka mafuta ya kivumbasi na kuyapima: kutoka kichakani hadi sahani ya vishimo 96

Kivumbasi si mmea mmoja. Watu huita hivyo Ocimum kilimandscharicum, Ocimum gratissimum na hata Ocimum americanum, na mafuta yao hayafanani. O. kilimandscharicum kwa kawaida hujaa kafuri na sineoli. Ndiyo inayolimwa pembeni mwa msitu wa Kakamega kwa ajili ya dawa ya kuchua ya Naturub. O. gratissimum ya kwetu mara nyingi ina eujenoli, harufu ile ile ya karafuu, ingawa ipo pia ya thimoli. Anayeandika tu "mafuta ya kivumbasi yanaua bakteria" hajasema kitu.

Hatua ya 1: Kuchuma

Kabla ya lolote, kata tawi lenye majani, maua na mbegu, libane kati ya magazeti, ulipeleke hebaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu (Makumbusho ya Taifa Nairobi, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) litambuliwe na kupewa namba. Namba hiyo ifuate sampuli hadi mwisho. Kibali cha utafiti Kenya hutoka NACOSTI, Tanzania COSTECH (tume za taifa za sayansi na teknolojia), na wenye msitu nao waombwe ruhusa.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, mmea unapoanza kutoa maua. Kata sentimita 20 juu ya ardhi, using'oe. Usioshe majani, kung'uta vumbi tu. Yaanike kivulini, tabaka jembamba, uyageuze kila siku. Mafuta yamo kwenye vifuko vidogo juu ya ngozi ya jani, kwa hiyo jua kali huyapeperusha, na lundo nene huota ukungu.

Hatua ya 2: Kukeneka

Tumia kifaa cha Clevenger (mtambo wa kioo wa kukenekea mafuta na kuyapima) chenye chupa duara ya lita 2. Weka gramu 100 za majani makavu yaliyovunjwavunjwa kwa mkono (usisage kuwa unga: utapoteza mafuta na povu litapanda), maji lita 1 na vipande vichache vya kauri vya kuzuia maji kuruka. Chupa isizidi theluthi mbili. Chemsha hadi kondensa (mrija wa kupoozea mvuke) itoe mililita 2 hadi 3 kwa dakika, uendelee saa 3 tangu tone la kwanza.

Hapa aina ya kivumbasi ndiyo inayoamua nini kitaharibika.

Ya kafuri huganda. Utaona fuwele nyeupe zikijengeka ndani ya kondensa, na zikiziba kabisa, mvuke utatafuta njia nyingine na kioo kinaweza kupasuka. Punguza maji ya kupoozea mara tu uonapo ukungu mweupe, mvuke wenyewe uzisukume chini. Zinazobaki zioshe kwa heksani (kiyeyusho cha mafuta) na uzichanganye na mafuta yako. Ukiziacha, kafuri itaonekana kidogo kuliko ilivyo, na jedwali lako litadanganya.

Ya eujenoli ina shida nyingine. Eujenoli ni nzito kuliko maji (gramu 1.06 kwa mililita), hivyo mafuta hukaribia uzito wa maji: hayaelei vizuri, hayazami vizuri, maji yanakuwa meupe kama tui na sehemu hurudi kwenye chupa. Kwa kupima kiasi tu, tanguliza mililita 1 ya zailini (kiyeyusho chepesi kinachoelea juu ya maji) kwenye mrija wenye vipimo, kisha uitoe katika hesabu. Mafuta hayo usiyapeleke kwenye uchambuzi wala kwa bakteria. Kwa kazi hizo keneka fungu jingine, kusanya maji yote, yatie gramu 10 za chumvi kwa kila mililita 100, uyafyonze kwa heksani, kisha uiondoe heksani kwa ombwe bila joto kali.

Kausha mafuta kwa salfati ya sodiamu isiyo na maji, yaweke kwenye kichupa cha kahawia kilichojaa hadi shingoni, nyuzi 4. Kiasi kihesabiwe kwa uzito mkavu: ukipata mililita 0.9 kutoka majani mabichi gramu 300 ambayo kavu yake ni gramu 60, hiyo ni asilimia 1.5.

Hatua ya 3: Kusoma kilichomo

Tumia kromatografia ya gesi (GC), mashine inayotenganisha viambato vya mafuta, pamoja na spektromita ya masi inayovitambua. Changanya mikrolita 10 za mafuta katika 990 za heksani. Ingiza mikrolita 1, mgawanyo 1:50, safu (mrija mwembamba wa kutenganishia) isiyo na upolari ya mita 30, joto kutoka nyuzi 60 hadi 240 kwa nyuzi 3 kila dakika. Endesha pia mchanganyiko wa alkani kuanzia C8 ili ukokotoe fahirisi za muda (namba zinazoonyesha kila kiambato hutoka lini kwenye safu): sineoli iwe karibu na 1030, kafuri 1145, thimoli 1290, eujenoli 1358. Usiamini maktaba ya kompyuta peke yake, kwani terpeni nyingi zina spektra zinazokaribiana mno. Asilimia zichukue kwenye kigunduzi cha mwali.

Hatua ya 4: Kujaribu kwa bakteria

Vidonge vya karatasi kwenye agari ni rahisi, lakini kwa mafuta tete havifai zaidi ya kuchuja sampuli. Mafuta hayapendi maji, kwa hiyo hayasambai ndani ya agari, na mengine hupaa. Duara dogo si lazima liwe udhaifu.

Tumia sahani ya vishimo 96. Changanya mikrolita 40 za mafuta na 40 za DMSO (kiyeyusho), jaza hadi mililita 1 kwa mchuzi wa Mueller-Hinton (chakula cha bakteria) wenye Tween 80 (kichanganya mafuta na maji) asilimia 0.5. Kishimo cha 1 tia mikrolita 200 za mchanganyiko huo. Cha 2 hadi cha 10 tia 100 za mchuzi, uhamishe 100 kutoka kimoja hadi kingine, za mwisho uzitupe. Bakteria (S. aureus ATCC 29213, E. coli ATCC 25922) walinganishe na McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu kinachoonyesha wingi wa bakteria), punguza mililita 0.1 katika 14.9 za mchuzi, kisha ongeza mikrolita 100 kila kishimo. Cha kwanza sasa kina mikrolita 20 za mafuta kwa mililita. Cha 11 kiwe na bakteria na kiyeyusho bila mafuta, cha 12 mchuzi mtupu. Safu moja iwe ya jentamisini (antibiotiki ya kulinganishia).

Funika kwa karatasi ya gundi. Bila hiyo mvuke wa mafuta huvuka vishimo na kuua majirani, nawe utasifu dawa isiyostahili. Kwa sababu hiyo hiyo weka udhibiti mwingine wa bakteria kwenye sahani tofauti.

Baada ya saa 18 kwa nyuzi 37, tia mikrolita 30 za resazurini (rangi inayobadilishwa na bakteria walio hai) asilimia 0.015, ngoja saa 2. Usisome kwa ukungu wa mchuzi, maana mafuta yenyewe huufanya mweupe. Bluu ni bakteria hawafanyi kazi, waridi ni wako hai na wanafanya kazi. Cha 4 kikibaki bluu na cha 5 kikawa waridi, kiwango cha chini cha kuzuia ni mikrolita 2.5 kwa mililita. Kujua kama wamekufa au wamezuiwa tu, andaa safu pacha isiyotiwa rangi, na kutoka vishimo vinavyolingana na vile vya bluu pandikiza mikrolita 10 kwenye agari mpya.

Ukijaribu Pseudomonas aeruginosa, usishangae ikikataa kufa: utando wake wa nje huyazuia mafuta na pampu zake huyatoa mapema. Rudia kila jaribio mara tatu kwa siku tofauti, na ripoti iandike miligramu kwa mililita inayotokana na densiti uliyoipima mwenyewe, pamoja na asilimia za kafuri, sineoli na eujenoli za fungu lile lile.