Albamu ya Roki Huanzia Mazoezini: Jinsi ya Kuirekodi na Kuiachia Bila Lebo

Mimi ni mpiga drumu, na kwa miaka mingi nimekuwa narekodi albamu za roki ya indi, za bendi ninazopigia na za marafiki. Ninachokiamini kuliko vyote ni kwamba albamu huamuliwa kwenye mazoezi. Bendi ikiingia studio na nyimbo nusunusu, muda unaliwa na mabishano juu ya urefu wa kiitikio, na kila swali gumu linasukumiwa kwa anayemiksi, yaani anayeziunganisha na kuzipanga sauti zilizorekodiwa. Yeye hawezi kuwaamulia wimbo wenu unataka kusema nini.

Mfano ninaowapa wanaoanza ni Slint, bendi ya Marekani, na albamu yao Spiderland. Waliirekodi Chicago mwezi Agosti 1990 kwa siku chache tu. Magitaa na drumu walikuwa wamevirudia mazoezini mpaka vikakaa mwilini, ndiyo maana kila kimya na kila mlipuko kwenye albamu ile unatua mahali pake.

Kwa hiyo anzeni na simu. Iwekeni katikati ya chumba, pigeni wimbo mzima, kila mmoja aondoke na nakala yake akasikilize peke yake. Ubeti wa pili ukichosha kwenye simu, utachosha hata kwenye maiki ya bei mbaya. Sikilizeni nani anamfunika nani. Mara nyingi magitaa mawili yanapiga sauti zilezile kwenye sehemu ileile ya shingo. Mmoja apande juu, au anyamaze kabisa mpaka kiitikio kifike. Mpiga gitaa anayekubali kunyamaza ubeti mzima ni hazina, mtunzeni.

Andikeni kasi ya kila wimbo kwenye karatasi, maana mbele ya maiki damu inachemka na kila kitu kinakimbia. Metronomu mimi naitumia kujifunzia wimbo, kisha mara nyingi naizima wakati wa kurekodi. Kiitikio kikitaka kusogea mbele kidogo, kiache kisogee.

Kabla ya kurekodi, kaeni muandike makubaliano ya ukurasa mmoja: nani ametunga nini, asilimia ngapi kwa nani, rekodi yenyewe ni mali ya nani. Fanyeni hivyo wakati hakuna hela ya kugombania. Na fundi sauti pia mwelewane mapema. Steve Albini, fundi sauti aliyejenga studio ya Electrical Audio huko Chicago, alikuwa analipwa kwa kazi aliyoifanya na alikataa kuchukua asilimia ya mauzo ya bendi alizorekodi. Ni msimamo ninaouheshimu sana.

Sasa drumu, ambako nitakaa kidogo. Badilisha ngozi, uzifunge vizuri, kisha zipige bila maiki yoyote huku mwenzako akitembea chumbani akisikiliza. Sogeza seti mpaka kiki, ile drumu kubwa ya mguu, isikike nzito bila kuvuma. Chumba kikirudisha mwangwi mkali, tandika zulia na utundike mablanketi. Hapo ndipo uchukue maiki: mbili juu, moja kwenye kiki, moja kwenye snea, drumu ndogo yenye mlio mkali. Nne zinatosha albamu nzima. Zile za juu zipime kwa kamba kutoka katikati ya snea, zote mbili ziwe umbali sawa, ili sauti ya snea izifikie kwa wakati mmoja. Zikipishana, mawimbi yanapingana na snea inakonda. Kisha kwenye programu ya kurekodia bonyeza kitufe cha kugeuza wimbi la maiki ya kiki, sikiliza, urudishe, sikiliza tena. Upande wenye uzito zaidi ndio wako.

Rekodini kwa biti 24, na sauti kubwa kabisa iishie karibu na desibeli 10 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha mita. Hakuna haja ya kujaza mita. Sauti iliyopasuka kwenye kurekodi dijitali haishoneki.

Gitaa lipate nyuzi mpya siku moja kabla, ili zivutike na kutulia, na litiuniwe kabla ya kila teki, yaani kila mara mnapoupiga wimbo kuurekodi. Punguza mkwaruzo wa ampa, kikuza sauti cha gitaa, kuliko unavyopenda ukiwa umesimama mbele yake. Ukiurundika mara mbili tatu kwenye rekodi, gitaa linageuka ukungu na mkono wa mpigaji haujulikani tena. Maiki ya kawaida kama Shure SM57 inatosha kabisa. Ielekeze katikati ya spika upate sauti kali, isogeze pembeni upate sauti nzito. Sogeza maiki kwanza, vifundo vya ampa baadaye. Sauti ikikupendeza, irekodi hivyohivyo. Usijiwekee mlango wa kuja kuibadilisha siku nyingine.

Pigeni pamoja, mkitazamana. Ampa zinaweza kuwekwa chumba cha pili ili zisimwagike kwenye maiki za drumu, lakini watu wawe sehemu moja. Teki yenye kosa dogo na moto mwingi naichagua kila mara mbele ya teki safi iliyopoa. Kosa dogo mnaweza kulirekebisha, moto hauongezwi baadaye.

Sauti ya mwimbaji irekodiwe siku yake yenyewe, koo likiwa limepumzika. Aimbe wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, kisha mchague. Kuimba mstari mmoja mmoja kunaua pumzi, na pumzi ndiyo inayomfanya msikilizaji aamini maneno.

Miksi, kama mnaweza, mpeni mtu asiyepiga kwenye bendi. Akileta rasimu, kila mmoja asikilize peke yake kwa sauti ya chini, aandike maoni, kisha yaunganishwe kuwa orodha moja. Maoni yanayotumwa usiku, moja moja, yanamchosha mtu na yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Masta nayo, hatua ya mwisho ya kusawazisha albamu nzima, apewe mtu mwingine mwenye masikio mapya. Msimwombe aipandishe sauti kupita kiasi: Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo kwenye takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), hivyo masta iliyobanwa sana itashushwa na mtabaki na wimbo bapa.

Mpangilio wa nyimbo ni kazi ninayoipenda kuliko zote, na inasikitisha kuona bendi zikiifanya dakika ya mwisho. Andaeni nyimbo nyingi kuliko zitakazotoka, kisha mkate bila huruma. Dakika 35 hadi 40 zinatosha albamu ya roki. Kama mnatoa santuri, kila upande wa inchi 12 unaozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika ubaki chini ya dakika 22 hivi. Ukizidi, sauti inashuka. Mifereji ya karibu na katikati hupoteza ukali wa sauti za juu, kwa hiyo wimbo mpole ufunge upande, na ule wenye matoazi mengi ukae mwanzoni. Hata kama hamna santuri, fikirini pande mbili: kama nyimbo ni kumi, wa sita ndio unaoanza upande wa pili, na unapaswa kufungua mlango upya. Pimeni pia kimya kati ya wimbo na wimbo. Kuna nyimbo zinazotaka kushikana bila pengo, na kuna inayohitaji msikilizaji avute pumzi kwanza. Wimbo mzuri usiokaa popote kwenye mpangilio utoke, hata kama ndio kipenzi cha bendi.

Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Kwa ajili hiyo wengine wanakata kila utangulizi. Mimi siukati, natafuta wimbo unaoingia haraka wenyewe nao ndio unakuwa singo, wimbo wa kuitangaza albamu.

Msitangaze tarehe ya kuachia kabla masta haijakubaliwa na wote. Kila wimbo upate namba yake ya ISRC, utambulisho wa kimataifa wa rekodi, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12, na majina ya watunzi yaandikwe sawasawa. Spotify inataka wimbo mnaoupendekeza kwa wahariri wake uwasilishwe angalau siku 7 kabla ya kutoka. Mimi najipa zaidi ya mwezi. Wahakiki waandikieni mmojammoja. Chagueni aliyewahi kuandika kuhusu muziki unaofanana na wenu, mpeni kiungo cha kusikilizia, picha, aya moja fupi, na mwambieni aanzie wimbo gani.

Kisha albamu inatoka, na mara nyingi kunakuwa kimya. Spiderland ilipotoka mwaka 1991 bendi ilikuwa tayari imevunjika na ni wachache walioitambua. Leo inahesabiwa miongoni mwa misingi ya posti-roki, roki isiyofuata muundo wa kawaida wa ubeti na kiitikio. Albamu ya pili ya bendi ya Neutral Milk Hotel ilipewa 8.7 kati ya 10 na Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, mwaka 1998, na mwaka 2005, ilipotolewa tena, Pitchfork hao hao wakaipa 10. Nyimbo zilikuwa zilezile.

Kwa hiyo mkisoma uhakiki, rukeni alama mtafute maelezo. Mtu anayesema sauti ya mwimbaji imezama amewapa kitu cha kufanyia kazi. Watu watatu wasiojuana wakitaja wimbo uleule, uwekeni mbele kwenye shoo zenu. Wanaonunua waombeni anwani zao za barua pepe, na anayewaandikia jibuni kwa jina lake. Huku hayo yakiendelea, toeni kila sauti ya kila wimbo kama faili la WAV linaloanzia sekunde sifuri, mhifadhi nakala sehemu mbili tofauti, kwa sababu albamu inayochelewa kusikika huja ikahitaji miksi mpya.