Kujifunza Uhandisi wa Programu kwa Kuanzia Mizanini

Mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kujifunza kuunda programu za kompyuta kwa kawaida huanza na lugha ya kuandikia, iwe Python au C, na humaliza muhula akiwa na rundo la mazoezi ambayo hakuna mtu atakayeyatumia hata siku moja. Lugha ni lazima ijulikane, lakini hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kinachomshinda ni usanifu, yaani kuamua programu ifanye nini, ihifadhi nini na ikatae nini, na hayo hayafunzwi na zoezi ambalo jibu lake liko mwisho wa kitabu.

Kwa anayesoma Moshi, ushauri wangu ni kuanzia kwenye chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Kibosho au Uru kwa mfano, siku ya mapokezi. Omba ruhusa kwa viongozi wa chama, chukua daftari na kalamu, na kompyuta iache chumbani. Tazama gunia linavyopandishwa mizanini, uzito unavyosomwa kwa sauti ili mkulima mwenyewe asikie, na stakabadhi inavyoandikwa. Tazama hasa kinachotokea karani anapokosea: karani makini hafuti, bali hupiga mstari juu ya tarakimu ili ile ya awali iendelee kusomeka, huandika iliyo sahihi kando yake, kisha hutia saini. Mwanafunzi ambaye hakufika pale angeweka kitufe cha kufuta na kujiona amemrahisishia karani kazi, kumbe ameondoa ushahidi ambao mkulima angeutegemea siku ya malipo.

Ukirudi, andika ukurasa mmoja wa mahitaji kwa Kiswahili cha kawaida na umrudishie karani ausome kabla hujaandika mstari hata mmoja wa msimbo, yaani maagizo ya programu yenyewe. Marekebisho yawe ingizo jipya linalorejelea la zamani. Kila mwanachama atambuliwe kwa namba, kwa kuwa katika kijiji chenye akina Massawe wengi jina halitoshi. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, mapokezi yawe ama yameandikwa yote ama hayakuandikwa kabisa.

Uzito na fedha vinahitaji uangalifu wa pekee. Iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, nayo itakujibu 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa jozi, wenye tarakimu 0 na 1 tu, na nyingi kati yake haziwezi kuandikwa kikamilifu katika mfumo huo. Kwa hiyo hifadhi kilo 37.4 kama gramu 37400, fedha zihifadhi kwa shilingi kamili, na kipimo kitajwe katika jina lenyewe la kigezo, yaani mahali programu inapotunzia thamani hiyo. Mhandisi asilidharau jambo hili: mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika Mars kwa sababu programu moja ilitoa matokeo ya msukumo kwa kipimo cha ratili (paundi) huku nyingine ikiyasoma kana kwamba yako kwa nyutoni, kipimo cha nguvu cha mfumo wa metriki.

Andika majaribio pamoja na msimbo, wala si baadaye: uzito wa sifuri, uzito hasi, herufi mahali pa tarakimu, namba ya mwanachama asiyekuwepo. Tumia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, tangu siku ya kwanza, hata ukiwa peke yako, na katika kila badiliko eleza sababu yake, maana kilichobadilika chenyewe kinaonekana.

Programu ikishasimama, mpelekee karani na umpe mapokezi ya kubuni ayaingize. Kaa nyuma yake bila kumwelekeza, ingawa mkono utakuwasha, na uandike kila mahali anaposita au anapokugeukia kuuliza. Orodha hiyo ndiyo kazi yako ya wiki inayofuata.